Kabla Unga Haujavuka Sirari: Mwongozo wa Lebo ya Mzio kwa Wasindikaji wa Tarime na Serengeti

Chukua pakiti ya unga wa lishe kutoka duka lolote la Tarime mjini au Mugumu, uigeuze usome nyuma. Mara nyingi utakuta orodha ndefu iliyoandikwa kwa fahari: mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta, na wengine huongeza dagaa. Mama anayemwanzishia mtoto uji anaiona orodha hiyo kuwa sifa. Mkaguzi wa chakula aliyeko bandari ya Rotterdam au Baltimore anaona ndani yake vitu vitano ambavyo sheria za nchi yake zinavitaja waziwazi: ngano, soya, karanga, ufuta na samaki. Kwa watu wengi vitu hivyo ni lishe. Kwa wachache, kijiko kimoja kinatosha kuwaua.

Mwongozo huu unamlenga msindikaji mdogo wa wilaya hizi mbili, awe kikundi cha kina mama chenye mashine moja, kijana anayekaanga krispi za ndizi, au mwenye ghala anayefungasha karanga na kahawa, ambaye sasa anataka kuuza nje ya nchi. Nitaanza na sababu ya sheria hizi, nipite kwenye masoko, halafu nikae zaidi mashineni, kwa kuwa makosa mengi ya lebo huzaliwa huko kabla mchoraji wa lebo hajaitwa.

Kwetu mtu husema "samaki wananikataa" au "nikila karanga nawashwa", anaacha kula, maisha yanaendelea. Mzio mkali ni jambo jingine. Mwili unakichukulia chakula kama adui: midomo na ulimi vinavimba, koo linabana, pumzi inakata, shinikizo la damu linashuka. Asipochomwa sindano ya adrenalini mapema, mtu huyo anaweza kufa akiwa bado mezani. Hakuna dawa ya kumponya moja kwa moja inayotegemewa na wote. Kinga yake kubwa ni kuepuka, na hawezi kuepuka asichoambiwa. Natasha Ednan-Laperouse, binti Mwingereza wa miaka 15, alifariki Julai 2016 baada ya kula mkate ulionunuliwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wa mkate huo, na karatasi iliyoufunga haikuutaja. Wazazi wake walipigania mabadiliko, na kuanzia 1 Oktoba 2021 Uingereza inalazimisha hata chakula kinachofungwa dukani hapohapo kiwe na orodha kamili ya viambato, vyenye mzio vikiwa vimekolezwa maandishi. Unapobishana na mnunuzi wa nje kuhusu neno moja kwenye lebo, kumbuka kwamba sheria anayoitaja imetokana na misiba kama huo.

Jua kwanza unauza wapi

Kosa la kwanza ni kuchapisha lebo moja ukidhani itafaa kila mahali. Kila soko lina orodha yake ya vyakula vyenye mzio, na hazilingani.

Soko la karibu ni Kenya, kupitia mpaka wa Sirari na Isebania hadi Migori, Kisii na Kisumu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kilichofuata kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula. Kinakutaka utaje nafaka zenye gluteni (ngano, shayiri, rai na jamii yao), kamba, kaa na jamii yao, mayai, samaki, karanga na soya, maziwa, njugu za miti kama korosho na lozi, na salfaiti zikifika miligramu 10 kwa kilo. Salfaiti ni dawa inayotumiwa kuhifadhi rangi ya matunda yaliyokaushwa, kwa hiyo mkaushaji wa maembe au nanasi asiruke mstari huo.

Tazama kitu ambacho hakimo: ufuta. Pakiti iliyokamilika kwa kiwango hicho inaweza kuvuka Isebania bila tatizo, kisha ikawa haramu New York. Marekani ilipitisha sheria ya lebo za mzio mwaka 2004, ikaanza kutumika 1 Januari 2006 ikiwa na vyakula vinane: maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, njugu za miti, karanga, ngano na soya. Aprili 2021 ufuta ukaongezwa kuwa wa tisa, na tangu 1 Januari 2023 ni lazima utajwe. Codex nayo ilirekebisha orodha yake mwaka 2024 na kuuingiza ufuta, kwa hiyo tarajia viwango vya kwetu navyo vibadilike. Ukiuweka ufuta kwenye lebo leo, hata kwa pakiti ya Migori, hutachapisha upya kesho.

Umoja wa Ulaya una orodha ya vitu 14 katika Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, inayotumika tangu 13 Desemba 2014. Pamoja na vile nilivyotaja, humo mna selari, haradali, lupini, na moluska kama ngisi na pweza. Haradali imfumbue macho kila anayeuza achari au mchanganyiko wa viungo. Uingereza, ijapokuwa imetoka kwenye Umoja huo, imebaki na orodha hiyohiyo. Kanada nayo inataka ufuta na haradali, na lebo iwe kwa Kiingereza na Kifaransa. Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako Waswahili ni wengi na unga wa mtama au ulezi una wateja wake, zinadai lebo ya Kiarabu.

Ushauri wangu: ndani ya karakana yako tumia orodha ndefu kuliko zote nilizotaja, ile ya vitu 14 ya Ulaya. Ibandike ukutani kwa Kiswahili, na kila kinachoingia getini kipimwe kwa orodha hiyo. Lebo ndiyo ubadilishe kulingana na soko.

Hata namna ya kuandika inatofautiana. Ulaya wanataka kiambato chenye mzio kionekane ndani ya orodha ya viambato yenyewe, kwa herufi nene, kwa rangi ya nyuma au kwa namna nyingine inayokitenga na vingine. Hawataki urudie majina hayo kwenye kisanduku cha pembeni ikiwa orodha ya viambato ipo. Marekani wanakuachia uchague: utaje chanzo chake kwenye mabano ndani ya orodha, au uweke chini yake mstari wa "Contains: Wheat, Soy, Peanuts, Sesame". Ukichagua mstari huo, uweke vyote. Kutaja vitatu na kuacha kimoja ni kosa hata kama hicho kimoja kimo katika orodha ya juu. Kwa hiyo pakiti ya Houston na pakiti ya Hamburg haziwezi kuwa na mgongo mmoja. Ya Hamburg iwe kwa Kijerumani, ukubwa wa herufi ndogo usipungue milimita 1.2 ukipima urefu wa herufi kama "x", na iwe na jina na anwani ya mwagizaji aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya kama wewe huna ofisi huko.

Usitumie majina ya jumla. "Nafaka mchanganyiko" haimwambii mtu kama kuna ngano. "Mbegu za mafuta" haimwambii kama kuna ufuta. "Njugu" ni mbaya zaidi, kwani mnunuzi wa Migori ataelewa karanga, wa Mwanza atafikiria njugu mawe, na mtafsiri wa Muscat hatajua aandike nini. Marekani wanataka hata aina ya samaki na aina ya njugu ya mti vitajwe.

Mashineni

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwenye bidhaa ya ulezi mtupu husema, "Mimi sina mzio wowote, ulezi tu." Ulezi hauna gluteni, mtama hauna, mahindi hayana, mihogo haina. Lakini unga wako umesagwa wapi?

Mashine za kusaga za mitaani, kuanzia Sirari hadi Nyamongo na kutoka Mugumu hadi Natta, husaga kila kinacholetwa. Mteja wa saa mbili ana mahindi makavu, wa saa mbili na nusu ana soya iliyokaangwa, anayefuata ana mchanganyiko wa lishe wenye karanga na ngano, halafu unakuja wewe na ulezi wako wa kupeleka nje. Unga wa wenzako umebaki kwenye nyundo, kwenye chekeche, kwenye mfuko wa nguo unaopokea unga, na kwenye mabomba. Kilo zako za kwanza zinatoka zimebeba karanga za mtu mwingine. Kwa ugali wa nyumbani hilo halina maana. Kwa mtu mwenye mzio wa karanga huko Leeds, aliyenunua pakiti iliyoandikwa "ulezi asilia 100%", lina maana kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye pakiti hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kuuza nje, jambo la kwanza la kutafutia pesa ni mashine ambayo wewe ndiye mwenye ufunguo. Vifungashio vya kung'aa vitasubiri. Halmashauri zinatoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoandika andiko la mashine maalumu ya bidhaa ya nje kina hoja nzito kuliko kinachoomba mtaji wa jumla. Kama huwezi bado, kubaliana na mwenye mashine akupe siku yako au saa za mwanzo kabisa za asubuhi, baada ya usafi utakaousimamia mwenyewe.

Usafi huo ufanyike hivi. Zima umeme, fungua mashine, ondoa chekeche. Piga brashi kila kona, fyonza vumbi, futa. Usimwage maji ndani ya kinu cha unga; unyevu utabaki na ukungu utaota, na utakuwa umeondoa tatizo moja na kuleta sumukuvu. Usipulize kwa kompresa pia, maana unga wa karanga utaruka na kutua juu ya kila kitu chumbani. Mfuko wa kupokelea unga uwe wako mwenyewe, unaokwenda nao na kurudi nao. Kisha saga kilo kadhaa za nafaka yako isiyo na mzio ili zisukume mabaki, na unga huo usiuingize kwenye bidhaa. Ndipo uanze kazi.

Ukiwa na mashine moja na bidhaa nyingi, panga siku kwa mfuatano: asubuhi visivyo na mzio, baadaye vyenye kiambato kimoja, mwisho kabisa unga wa lishe wenye kila kitu. Baada ya hapo ni usafi, hakuna kurudi nyuma. Codex ina kanuni nzima ya utendaji kuhusu mambo haya, iliyotolewa mwaka 2020, na mpangilio huo wa kazi ni moja ya nguzo zake. Hauhitaji mtaji, unahitaji nidhamu.

Angalia na sehemu ambazo watu husahau. Viroba vya mtumba: kiroba kilicholeta unga wa ngano dukani kikatumika kubebea mtama wako, gluteni imeingia. Turubai la kuanikia: leo karanga, kesho ulezi. Ungo mmoja wa kupepetea vyote. Ndoo na vikombe vya kupimia. Nunua vya rangi tofauti, vyekundu vya karanga peke yake, na mtu asithubutu kuvigusa kwa kazi nyingine. Aproni ya aliyekuwa akimenya karanga kabla ya kuhamia kufungasha. Nafaka zinazopangwa ghalani: karanga zikae chini, visivyo na mzio juu, kwa sababu gunia likipasuka vinavyomwagika huenda chini.

Wakaangaji wa krispi za ndizi na mihogo, swali lenu ni mafuta. Sufuria ileile iliyokaanga maandazi imebeba ngano. Iliyokaanga dagaa imebeba samaki. Mafuta ya bidhaa ya nje yawe ya bidhaa hiyo tu. Na wakaangaji wa kahawa: milima ya Tarime inatoa arabika nzuri, na kahawa yenyewe haimo kwenye orodha yoyote ya mzio niliyoitaja. Lakini nikiona kahawa inakaangwa kwenye pipa lililokaanga karanga jana, najua pakiti hiyo haistahili tena kuitwa kahawa tupu. Weka pipa la kahawa kando, lisiingie kitu kingine milele.

Neno "haina gluteni"

Wapo watakaokushauri uandike maneno haya kwenye unga wa ulezi au mtama, na wana sababu. Ulaya na Marekani wako watu wenye ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo wao huharibika kwa gluteni, na wanatafuta unga mbadala kwa bei nzuri. Soko hilo linatufaa sana watu wa mkoa huu wa Mara, maana nafaka zetu za asili ndizo wanazozihitaji.

Ila maneno hayo yana kipimo. Ulaya, chini ya Kanuni namba 828 ya mwaka 2014, na Marekani, chini ya kanuni ya mwaka 2013 ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wanakataza kuyaandika kama gluteni inazidi miligramu 20 kwa kilo. Hicho ni kiasi kidogo mno. Mabaki ya ngano kwenye mashine ya mtaani yanaweza kukivuka bila wewe kuona chochote. Usiandike maneno hayo mpaka uwe na mashine isiyogusa ngano kabisa, na majibu ya maabara yenye ithibati kwa bechi zaidi ya moja. Kabla ya hapo andika "unga wa ulezi" na uishie hapo. Ni kweli, na hakuna atakayekudai.

Kinyume chake ni wale wanaojificha nyuma ya maneno "huenda ikawa na chembe za karanga, soya, maziwa, mayai, ngano, samaki". Onyo hilo lina nafasi yake pale ambapo umefanya usafi wote unaowezekana na hatari bado ipo. Kuliandika badala ya kusafisha ni kumhamishia mteja mzigo wako. Marekani wanasema wazi kwamba haliwezi kuchukua nafasi ya usafi na mpangilio mzuri wa uzalishaji. Ulaya wanataka lisimpotoshe wala kumchanganya mlaji. Na mnunuzi makini akiona onyo la vitu sita kwenye unga wa kiambato kimoja anajua hapo hapana udhibiti.

Punguza ulivyoweka

Nina ushauri ambao wengine hawataupenda: unga wa lishe wa kuuza nje uwe na viambato vichache. Kila kiambato chenye mzio unachoongeza kinakuletea usafi zaidi, vipimo zaidi, na kinakufungia wateja fulani.

Dagaa waondoe kabisa kwenye pakiti ya Ulaya. Dagaa wa Ziwa Victoria wanapatikana jirani tu, Rorya na Musoma, na ni chakula bora. Lakini bidhaa za mnyama, samaki na maziwa ya unga yakiwemo, zinaingia Umoja wa Ulaya kwa mlango wao wenyewe, wenye orodha ya nchi na viwanda vilivyoidhinishwa. Kijiko cha dagaa kinaweza kuugeuza unga wako wa nafaka kuwa bidhaa ya kundi jingine lenye masharti usiyoyaweza. Maziwa ya unga vilevile.

Karanga zifikirie mara mbili. Mbali na mzio kuna sumukuvu: Ulaya wanaruhusu mikrogramu 2 tu za aflatoksini B1 kwa kilo ya karanga za kuliwa moja kwa moja na 4 kwa jumla ya aflatoksini, wakati kiwango cha mahindi kwetu Afrika Mashariki ni 5 na 10. Lebo nzuri haiwezi kuokoa karanga zilizoanikwa kwenye udongo wenye unyevu. Wafanyabiashara wa Sirari wanakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la cheti cha kipimo. Masharti ya mpakani hayakupi muda wa kujifunza.

Lebo na mapishi viende pamoja

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni hili. Kikundi kimechapisha lebo 5,000 zinazotaja mahindi, ulezi na soya. Soya inapanda bei au inaadimika. Mtu mmoja anasema, tuweke karanga kidogo, protini ni protini. Wanaweka, na lebo za zamani zinaendelea kubandikwa kwa kuwa zimelipiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kuanzia bechi hiyo kila pakiti inasema uongo unaoweza kuua, na tayari iko safarini.

Zuieni hilo kwa daftari. Kila bidhaa iwe na ukurasa wa mapishi uliosainiwa, wenye kiasi cha kila kiambato, jina la aliyekileta na orodha ya mzio uliomo. Kubadili kitu chochote, hata kubadili muuzaji wa soya, kuanze kwa kubadili ukurasa, kisha lebo, mwisho ndipo mapishi. Lebo za zamani zichomwe siku hiyohiyo mbele ya watu wawili. Kila siku ya kusaga iwe na namba ya bechi iliyoandikwa kwenye pakiti na kwenye daftari, pamoja na saa ya usafi na jina la aliyesafisha. Mnunuzi akipiga simu kutoka Nairobi au Toronto kuulizia pakiti fulani, uweze kumjibu ndani ya saa moja ilisagwa lini, baada ya nini, na pakiti nyingine za bechi hiyo zimekwenda wapi.

Viambato unavyonunua vikiwa tayari vimechanganywa, kama viungo vya pakiti, chachandu au vionjo vya krispi, muulize muuzaji kwa maandishi vina nini ndani. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 Marekani na Uingereza ziliondoa sokoni bidhaa nyingi kwa sababu ya bizari nyembamba iliyokutwa au kushukiwa kuwa na karanga au lozi. Viwanda vingi vilivyopata hasara havikuwa vimenunua karanga hata punje. Vilinunua bizari na kumwamini muuzaji.

Milango ya kupita

Kwa upande wa karatasi nitapita haraka, maana hizi zinafuatika. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA; usajili wa jengo, wa bidhaa na alama ya ubora vyote viko huko. Pitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo: wanasaidia wajasiriamali wadogo kuandaa mapishi, lebo na maombi ya TBS, na ulizia masharti ya nafuu ya ada ambayo serikali imewawekea wadogo. Chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, bidhaa yenye alama ya TBS inapaswa kutambuliwa Kenya, Uganda na nchi wanachama bila kupimwa upya. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, kinachotolewa hapohapo forodhani. Nafaka na karanga zitahitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Alama ya TBS ikikupitisha Sirari, haikupitishi Rotterdam. Huko utadaiwa ya huko.

Kwa Marekani kituo chako kisajiliwe FDA, uwe na wakala aliyeko huko, na usajili uhuishwe kila mwaka unaogawanyika kwa mbili kati ya Oktoba na Desemba. Kila mzigo utolewe taarifa kabla haujafika. Mwagizaji wako atakuuliza maswali mengi kuhusu mzio kwa sababu kanuni za nchi yake zinamfanya yeye awajibike kwa lebo yako. Mjibu kwa ukurasa wa mapishi na daftari la usafi. Kwa Ulaya kuna mtandao wa tahadhari wa haraka unaounganisha nchi zote za Umoja. Bidhaa yenye mzio usiotajwa ikikamatwa nchi moja, nyingine zote zinaarifiwa, na nchi ilikotoka inatajwa kwa jina. Pakiti moja ya Tarime inaweza kuwafanya wakaguzi waitazame kwa jicho kali kila pakiti ya Tanzania.

Na ndugu anayebeba unga wako kwenye begi la safari ili auze kwenye duka la Waafrika huko anakoishi? Akishauza, hiyo ni biashara, na duka hilo linawajibika kwa lebo kama duka lingine lolote. Mpe lebo sahihi au usimpe mzigo.

Jifunzie Serengeti

Wasindikaji wa Mugumu, Natta na Robanda wana nafasi ambayo wenzao wa mikoa mingi hawana. Wageni wa Ulaya na Marekani wako hapo mlangoni, kwenye kambi na hoteli zinazozunguka hifadhi, na wapishi wa kambi hizo huulizwa kuhusu karanga, gluteni na ufuta kabla sahani haijatoka jikoni. Kambi inayonunua siagi yako ya karanga, unga wako wa ulezi au krispi zako inahitaji majibu yaleyale ambayo Hamburg itayahitaji, na hakuna bahari ya kuvuka. Peleka bidhaa huko kwanza, ukiwa na karatasi ya ukurasa mmoja inayoeleza viambato, mzio uliomo, mzio unaoweza kugusana nao kwenye mashine, na namna unavyosafisha. Mwombe mpishi mkuu aisome na akuambie kinachokosekana. Walio Tarime wanaweza kufanya hivyo kwa wanunuzi wa Kisumu.

Kisha, kabla ya kulipia uchapaji, chapisha lebo moja tu kwa karatasi ya kawaida. Mpelekee mnunuzi wa nje nakala, ipeleke na kwa afisa wa TBS, ukiambatanisha ukurasa wa mapishi, na usubiri majibu yao kwa maandishi. Usichapishe ya pili kabla hayajafika.